Nani mjukuu, nani mgeni kwa Jefferson?

Kuna kura moja ambayo kila nikiikumbuka nashindwa kukaa kimya. Ilipigwa Mei 2002 kule Virginia, Marekani. Waliokutana ni wanachama wa Monticello Association, chama cha ukoo wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa nchi hiyo, yule aliyeandika kwenye Azimio la Uhuru la 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hoja iliyokuwa mezani ni moja: je, wazawa wa Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa Jefferson, wapokelewe kama wanaukoo, pamoja na haki ya kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo? Kura 95 zikasema hapana. Kura 6 zikasema ndiyo. Sita tu!

Najua kuna msomaji tayari anasema, "Wewe bwana, ya Wamarekani waachie Wamarekani." Subiri kwanza ndugu yangu. Mimi naishi kwa kuandika habari. Kila siku kazini naulizwa swali lile lile: nani kasema, na ana karatasi gani mkononi? Nimekwenda vijijini kuandika migogoro ya ardhi na nimeona jinsi mambo yanavyokwenda. Mwenye hati anasikilizwa akiwa ameketi. Asiye na hati anasikilizwa akiwa amesimama, tena kwa haraka. Ndiyo maana habari ya ukoo wa Jefferson imenikaa kichwani. Ni mgogoro wa ardhi, wa damu na wa karatasi kwa pamoja, na umedumu zaidi ya miaka 200.

Hebu tuanze mwanzo.

Jefferson hakuanza maisha yake kama mwanasiasa. Alianza kama mrithi. Baba yake, Peter Jefferson, alifariki 1757 na kumwachia takriban ekari 5,000 na watu wa kuzilima. Mwaka 1772 Thomas akamwoa Martha Wayles, mjane kijana, binti wa tajiri mwingine wa tumbaku aliyeitwa John Wayles. Mkwe huyo alipofariki mwaka uliofuata, nyumba ya Jefferson ikaongezewa ekari 11,000 hivi na watumwa 135, pamoja na mzigo wa madeni ambao hakuumaliza mpaka anaingia kaburini.

Miongoni mwa wale 135 alikuwemo mwanamke anaitwa Elizabeth Hemings na watoto wake. Sita kati yao, kwa masimulizi ya familia yao na kwa maoni ya wanahistoria wengi, walikuwa watoto wa John Wayles mwenyewe. Wa mwisho alikuwa binti aliyezaliwa 1773. Huyo ndiye Sally.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Kama Sally ni mtoto wa Wayles, basi kwa Martha ni nani? Ni mdogo wake, kwa baba mmoja. Kwa Thomas Jefferson ni nani? Ni shemeji yake. Na kwa mabinti wa Jefferson, Patsy na Polly? Ni mama yao mdogo. Kwa hiyo mwaka 1787, binti wa miaka 14 alipopandishwa meli kumsindikiza Polly wa miaka 8 kwenda Paris, ambako Jefferson alikuwa balozi, aliyekuwa anavuka bahari kama mtumishi wa yule mtoto alikuwa mama yake mdogo. Lugha yetu inamtaja kwa jina lake. Kwenye daftari la Monticello alitajwa kama mali.

Martha alikuwa ameshafariki tangu 1782. Kule Ufaransa mtumwa aliweza kudai uhuru wake mahakamani, na Sally alikuwa na kaka yake James hapo hapo, aliyepelekwa kujifunza upishi wa Kifaransa. Kwa maelezo ambayo mwanawe Madison aliyatoa miaka mingi baadaye, Sally alikuwa mjamzito na hakutaka kurudi Virginia. Akakubali kurudi 1789 baada ya Jefferson kumwahidi kwamba watoto wake wataachiwa huru wakifikisha miaka 21. Sijui mnasemaje wenzangu, lakini mimi nikisoma kwamba binti wa miaka 16 alijadiliana na mwanamume wa miaka 46 aliyemmiliki, siwezi kuyaita hayo mapenzi. Nayaita mjadala wa mtu aliyekuwa na karata moja tu mkononi, na akaicheza kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa.

Ahadi hiyo ilitimia. Watoto wanne waliishi mpaka wakawa watu wazima: Beverly aliyezaliwa 1798, Harriet wa 1801, Madison wa 1805 na Eston wa 1808. Beverly na Harriet waliondoka Monticello karibu 1822 na hakuna aliyewafuata. Madison na Eston waliachiwa kwa wosia wa Jefferson wa 1826. Wosia ule uliwataja watu watano tu, na wote walikuwa wa ukoo wa Hemings.

Wengine je? Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826 akiwa na deni la zaidi ya dola 107,000. Januari 1827 ukafanyika mnada Monticello, na watu 130 wakatangazwa kuuzwa pamoja na ng'ombe na samani. Joseph Fossett, mhunzi, mmoja wa wale watano wa kwenye wosia, alipewa uhuru wake huku mkewe na watoto wake wakinadiwa. Mwanawe Peter alikuwa na miaka 11.

Sasa tuje kwenye kutafuta wazawa, maana hapo ndipo penye utamu na uchungu.

Ukitaka kuwatafuta wazawa wa Jefferson kwa mabinti zake wa ndoa, kazi si ngumu. Patsy aliolewa na Randolph, akapata watoto 11 waliokua. Polly aliolewa na binamu yake wa ukoo wa Eppes, akaacha mtoto mmoja. Vitabu vya kanisa vipo, barua zipo, wosia upo, mawe ya makaburi yana majina. Mwaka 1913 wajukuu na vitukuu wakaunda chama chao. Unafuata karatasi, basi.

Ukitaka kuwatafuta watu wa upande wa pili, unakutana na ukuta. Wamarekani weusi wanaofuatilia asili zao wanaufahamu sana, ni ukuta wa mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860 waliandikwa kwenye orodha ya pembeni: jinsia, umri, rangi, chini ya jina la mwenye mali. Mwanamume, 34, mweusi. Msichana, 9, chotara. Jina hakuna.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu anayemtafuta babu wa babu yake hana njia ila amtafute kwanza aliyemmiliki. Aingie kwenye wosia wa tajiri, kwenye hesabu za tajiri, kwenye kesi za mirathi za watoto wa tajiri. Mti wa ukoo wa mwenye shamba ndiyo ngazi pekee ya kumfikia aliyelima shamba hilo. Kwa hiyo ukimsikia mtu mweusi wa Virginia anachimba habari za ukoo wa kizungu uliomiliki mashamba, usidhani anatamani ukubwa. Anamtafuta bibi yake, na karatasi iliyomtaja bibi imo kwenye sanduku la yule bwana.

Jefferson alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Alikuwa na daftari la shamba alilolianza 1774, na humo mna majina ya watumwa, miaka waliyozaliwa, mgao wa nguo, mablanketi na samaki. Daftari hilo, aliloliandika kwa ajili ya kuhesabu mali, leo ndiyo hazina ya wajukuu wa mali hiyo. Na kwa sababu barua zake na hesabu zake zimehifadhiwa, wanahistoria waliweza kupanga alikuwa wapi karibu kila siku. Dumas Malone, aliyeandika vitabu sita kuhusu maisha ya Jefferson, alipanga ratiba hiyo kwa uangalifu mkubwa. Yeye mwenyewe hakuamini habari za Sally. Lakini wengine walipoiweka ratiba yake pembeni ya tarehe za kuzaliwa za lile daftari, kikaonekana kitu cha ajabu: kila mara Sally aliposhika mimba, Jefferson alikuwa nyumbani Monticello. Na alikuwa mtu wa kusafiri kwa miezi!

Habari yenyewe haikuwa siri. Mwaka 1802, Jefferson akiwa rais, mwandishi James Callender aliichapa kwenye gazeti la Richmond. Callender alikuwa mwandishi mwenye chuki na mdomo mchafu, aliyenyimwa cheo alichokitaka, na hilo limetumiwa sana kuizima habari yake. Nasi wa kazi hii tukumbuke: mtu anaweza kuwa na nia mbaya na bado akawa na habari ya kweli. Nia ni sababu ya kumhakiki mtu mara mbili. Kumtupa bila kumhakiki ni uvivu.

Mwaka 1858 mjukuu wa Jefferson, Ellen Coolidge, aliandika barua ya kumtetea babu yake. Alisema baba wa watoto wale ni mmoja wa wapwa zake Jefferson, wale akina Carr. Mwaka 1873 Madison Hemings, fundi seremala aliyehamia Ohio, akatoa maelezo yake kwenye gazeti la Pike County Republican. Alisema bila kuzunguka kwamba baba yao ni Thomas Jefferson, akaeleza habari za Paris na ile ahadi. Baadaye mwaka huo huo, Israel Jefferson, mzee mwingine aliyewahi kuwa mtumwa Monticello, akaunga mkono maneno yake kwenye gazeti hilo hilo.

Kwa hiyo tuna vyanzo viwili. Mjukuu anayelinda heshima ya babu, na mtoto anayemtaja baba yake. Wote wana maslahi. Kwa zaidi ya miaka 100 wanahistoria wakubwa wakamwamini nani? Wakamwamini Ellen. Maneno yake yakaitwa ushuhuda, ya Madison yakaitwa porojo za mtumwa anayejitafutia hadhi. Mwaka 1997 mwanasheria Annette Gordon-Reed aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo tu: namna ushahidi ulivyopimwa kwa mizani mbili. Baadaye kitabu chake cha pili kuhusu ukoo wa Hemings kikampa Tuzo ya Pulitzer ya 2009. Nawashauri waandishi vijana wenzangu kile cha kwanza wakisome hata kama hawajali habari za Jefferson. Kinafundisha jinsi ya kusoma chanzo.

Kisha ikaja 1998. Daktari Eugene Foster na wenzake walichukua damu kupima DNA, ile sehemu inayorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume peke yake. Tatizo likawa kwamba Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa. Ikabidi wawatafute wazawa wa kiume wa Field Jefferson, baba yake mkubwa, ndio wawakilishe damu ya ukoo. Matokeo yakachapishwa Novemba kwenye jarida la Nature. Damu ya mzawa wa Eston Hemings ililingana na ya akina Jefferson. Ya akina Carr haikulingana. Maelezo ya Ellen yakaanguka pale pale, miaka 140 baada ya kuandikwa.

Lakini tuwe waungwana, tuseme yote. Kichwa cha makala ile kilitamka kwamba Jefferson ndiye aliyemzaa mtoto wa mwisho wa Sally, na kipimo chenyewe hakikufika huko. Kipimo kinasema mwanamume wa ukoo wa Jefferson, hakisemi yupi. Wapo waliomtaja mdogo wake, Randolph. Tena kulikuwa na familia nyingine, ya Thomas Woodson, iliyorithishana kwa vizazi kwamba babu yao ndiye mtoto wa kwanza wa Sally na Jefferson. Kipimo hakikuwaunga mkono. Inauma, lakini masimulizi ya mdomo nayo hupimwa. Siwezi kudai Madison aaminiwe kwa sababu tu alionewa. Nadai apimwe kama wengine, na alipopimwa pamoja na ratiba, tarehe, wosia na damu, alisimama.

Januari 2000 taasisi inayoimiliki Monticello ikatoa ripoti yake: kuna uwezekano mkubwa kwamba Jefferson alikuwa baba wa Eston, na inaelekea wa watoto wote sita wa Sally waliotajwa kwenye kumbukumbu zake. Mwaka 2001 jopo la wasomi wengine likapinga. Na mwaka 2002 ikaja ile kura.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Wanachama wa kile chama ni wazawa wa Jefferson kupitia mabinti zake. Ile sehemu ya DNA iliyopimwa haipiti kwa binti. Kwa hiyo kati ya wote waliopiga kura siku ile, hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuthibitisha kwa kipimo kile kwamba ametoka kwa Thomas. Hata mmoja! Wao waliingia kwa karatasi: cheti, kitabu cha kanisa, jina kwenye wosia. Na karatasi hizo ziliandikwa na nani? Na watu wao wenyewe. Wenzao wa upande wa pili, ambao sheria iliwanyima ndoa na iliwaandika kama mifugo, ndio walioambiwa walete uthibitisho usio na chembe ya shaka.

Ukimnyima mtu cheti kwa sheria, halafu ukamkataa kwa sababu hana cheti, hapo hutafuti ukweli. Unalinda mlango.

Mwenye hoja ya upande wa pili atasema chama ni cha watu binafsi, wana haki ya kumkaribisha wamtakaye. Sawa, sina ugomvi na haki yao. Mtu ana haki ya kumnyima ndugu yake kiti msibani. Lakini majirani nao wana haki ya kusema walichokiona.

Na kuna jambo ambalo kipimo hakiwezi kulifikia. Angalieni njia walizopita wale watoto wanne. Beverly na Harriet walikuwa weupe wa ngozi. Kwa maelezo ya Madison walikwenda Washington, wakaoana na Wazungu, wakapotelea huko. Huenda wazawa wao wapo hadi leo, wanakula na kunywa, hawana habari. Madison alibaki upande wa weusi. Mwaka 1870 karani wa sensa kule Ohio aliandika kando ya jina lake kwamba mtu huyu ni mwana wa Thomas Jefferson. Ule ule mwaka wa ukuta! Mjukuu wake, Frederick Madison Roberts, alichaguliwa 1918 kuwa mtu mweusi wa kwanza kwenye bunge la jimbo la California.

Eston, yule mdogo, alikuwa mpiga fidla mashuhuri Chillicothe, Ohio. Mwaka 1852 alihamia Wisconsin na familia yake, akaacha jina la Hemings, akajiita Jefferson, na kuanzia hapo wakahesabiwa kuwa Wazungu. Mwanawe John Wayles Jefferson alikuwa kanali wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Inasimuliwa kwamba alipokutana vitani na mtu aliyemjua tangu Chillicothe, alimsihi asiwaambie askari kwamba ana damu ya watu weusi. Watoto wa baadaye waliambiwa wametokana na ndugu wa Jefferson, si Jefferson mwenyewe. Baada ya kitabu cha Fawn Brodie cha 1974 ndipo baadhi yao wakaanza kuunganisha.

Mnaona lilivyo? Eston alilichukua jina la baba na kuificha habari ya mama. Madison alilitunza jina la mama na kuitangaza habari ya baba. Ndugu wa tumbo moja, na wajukuu zao walikaa zaidi ya karne moja wakiwa hawajuani. Nani alaumiwe? Mimi simlaumu Eston. Aliyejenga nchi ambayo baba lazima achague kati ya mama yake na usalama wa watoto wake ndiye wa kulaumiwa.

Na Madison naye kuna jambo linanigusa. Mwanawe William alizikwa kwenye makaburi ya wanajeshi Leavenworth, Kansas. Watafiti walitamani mabaki yake yapimwe, kwani yangetoa ushahidi wa damu kwa upande wa Madison. Wazawa wakakataa kaburi lisiguswe. Wenye haraka wakasema wanaogopa majibu. Mimi nawaelewa. Familia ile ilitunza neno la babu yao kwa zaidi ya miaka 100 bila msaada wa mtu. Kwa nini wamfukue mzee wao ili kumridhisha mtu ambaye yeye hajawahi kuombwa hata nywele?

Ukoo si damu peke yake. Tangu 1993 Monticello ina mradi wa kukusanya masimulizi ya wazawa wa watu wote waliokuwa watumwa pale, si wa Sally peke yake, na wamehoji zaidi ya watu 200. Humo ndimo zilimounganishwa habari nyingi kama za akina Fossett. Yule Peter aliyenadiwa akiwa na miaka 11 alikuja kuwa mchungaji wa Kibaptisti Cincinnati, na mwaka 1900, akiwa mzee, alirudi kuitembelea Monticello. Dada yake alikuwa na mjukuu aliyeitwa William Monroe Trotter. Huyu alikuwa mwandishi wa habari, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Boston Guardian mwaka 1901, na mwaka 1914 aliingia Ikulu ya Marekani akabishana uso kwa uso na Rais Woodrow Wilson kuhusu kuwatenga wafanyakazi weusi serikalini, mpaka rais akakasirika. Trotter hakuwa na damu ya Jefferson. Lakini niambieni, kati ya mtu anayelinda uzio wa makaburi na mtu anayemkumbusha rais maneno ya 1776, mrithi halisi wa Azimio lile ni nani?

Hata sisi wa huku tuna la kujifunza. Obama alipochaguliwa 2008, wote tulikimbilia Kogelo, Kenya, kwa bibi. Tukasema uafrika wake uko pale, kwa mama ni Mzungu wa Kansas, basi imekwisha. Mwaka 2012 watafiti wa koo wakatangaza kwamba mama yake huenda anatokana na John Punch, mtu mweusi ambaye mahakama ya Virginia ilimhukumu mwaka 1640 kutumika maisha yake yote, kwa kosa la kutoroka. Wazungu wawili waliotoroka naye waliongezewa miaka minne tu. Wazawa wake walichanganyika, wakapata ardhi, wakahesabiwa weupe. Huenda basi utumwa wa Virginia uliingia Ikulu kupitia kwa mama mweupe. Ukianza kufuatilia koo za wenye mashamba, usiweke dau kuhusu nani utakutana naye njiani.

Na tusijidanganye kwamba mizani mbili ziko Virginia tu. Kila anapofika bibi kizee asiyejua kusoma na kusema "shamba hili babu yangu ndiye aliyelifyeka," na sisi waandishi tukamgeukia kwanza mwenye hati, tumeshapiga kura kama wale 95. Simaanishi bibi aaminiwe bila kuulizwa. Naye anaweza kukosea, kama ilivyokuwa kwa akina Woodson. Nasema maneno yake yaandikwe kwenye daftari hilo hilo, kwa kalamu hiyo hiyo, na yahakikiwe kwa kipimo kile kile tunachokitumia kwa mwenye hati.

Mwaka 2001 wanaakiolojia walithibitisha makaburi ya watumwa wa Monticello. Mnajua yalikuwa wapi? Pembeni ya maegesho ya magari ya watalii. Makaburi ya ukoo yana uzio wa chuma na majina yaliyochongwa kwenye mawe. Haya mengine yalikuwa na mawe matupu, yasiyo na jina. Na mwaka 2018 Monticello ilifungua chumba cha maonyesho ya maisha ya Sally Hemings, katika jengo ambalo inadhaniwa aliishi. Hakuna picha yake hata moja iliyopatikana, kwa hiyo pale kuna kivuli cha mwanamke ukutani na maneno ya mwanawe Madison. Maneno yale yale ya 1873 yaliyoitwa porojo, leo ndiyo yanayowaeleza wageni mama yule alikuwa nani.

Kwangu mimi hiyo inatosha kuwa majibu kwa wale 95. Wewe msomaji wangu, kama ungekuwa ukumbini siku ile, mkono wako ungekuwa wapi? Anayeona nimekosea aje tubishane. Ila aje na mizani moja.